Silvano Amekuja Kwetu

Nakuru, Jumapili jioni, mwezi wa nane

Mama,

Silvano amekuja kwetu. Nimeona nianze na hilo, kwa sababu ukilisikia kutoka kwa mtu mwingine huko uliko, utasema Kibet alikuficha. Ndiyo, Silvano yule yule wa Naivasha, wa koti. Sasa ndiye kocha wa Pareto Rovers. Jana aliketi kwenye benchi letu kwa mara ya kwanza, na mimi nilikuwa nyuma yake na ngoma yangu.

Najua ungecheka kwanza. Halafu ungekasirika. Halafu ungeuliza ni nani aliyekubali.

Hapa nyumbani tupo. Siwezi kusema tukoje. Tangu tukurudishe Keringet nimekuwa kama mtu aliyelalia mkono wake: anaamka, mkono upo, anauona, lakini akiufinya hausemi kitu. Kibanda nafungua. Viazi napanga, vikubwa mbele, vyenye macho nyuma, kama ulivyotaka. Watu wananunua. Wanaouliza "Mathe ako wapi leo?" wamepungua. Sasa wengi wanajua, na wale wasiojua siku hizi nawaambia tu kwamba hayupo, wanachukua viazi vyao na kwenda.

Sikulia kwenye mazishi, Mama. Watu wa kanisa walinitazama sana. Kulikuwa na ile mvua ya Keringet isiyonyesha wala kuacha, na mashabiki walikuja basi zima wamevaa jezi nyeupe na manjano, wamechafuka matope hadi magotini. Oti, yule makanika wetu mwenye mdomo, alimwomba Mchungaji ruhusa ya kukuimbia wimbo mmoja tu. Mchungaji akasema, "Imbeni, wanangu." Alidhani ni wimbo wa dini. Oti akainua sauti:

Silvano!
Vua koti!
Jua limewaka!
Vua koti!

Mchungaji alisubiri jina la Bwana tangu mwanzo hadi mwisho, na halikuja. Tulipomaliza alikaa kidogo, akasema, "Amina," kisha akaendelea na ibada. Nilijua ni jambo la kuchekesha. Nililiona tu, kama mtu anayeona jambo kupitia dirisha la gari.

Wacha niandike wimbo huo ulivyotokea, ingawa wewe ndiwe uliyeutunga, kwa sababu siku hizi watu wanausimulia vibaya. Wapo wanaosema uliutunga kanisani. Wengine wanasema ni wa mtu wa Gilgil. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa Jumamosi ya jua kali, mwezi wa kwanza, miaka michache iliyopita, vumbi la Nakuru limetanda hadi mlima wa Menengai hauonekani. Asubuhi tulikuwa tukichagua viazi. Ulikuwa ukivitupa kwenye debe kama wanavyofanya kina mama wote wa soko letu: vidogo vitatu haraka haraka, halafu kikubwa kimoja kwa mkono mzima. Tu-tu-tu, tuu. Mchana tukaenda uwanjani, na timu ya Naivasha ikatokea na kocha wao mpya, mtu mwembamba, amevaa koti zito la kahawia linalofika magotini, koti la mtu wa Kinangop anayekwenda kukamua alfajiri. Jua lile! Ulimtazama, ukanitazama mimi na ngoma yangu, ukasema, "Kibet, piga viazi." Nikapiga vitatu haraka na kimoja kizito. Ukaita jina lake, na kabla ya mapumziko uwanja mzima ulikuwa ukimwambia avue.

Ndivyo ilivyokuwa kila walipokuja. Mstari wa tatu uliubadilisha kila mara. Walipofungwa uliimba mabao. Mvua iliponyesha uliimba, "Leo umeshinda wewe!" na watu wa Naivasha wenyewe wakacheka. Hakuvua hata siku moja.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Ulituacha tukiwa pabaya kwenye jedwali, na baada yako tukawa pabaya zaidi. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa na timu ambayo golkipa wake alikuwa akichechemea. Kocha akaondoka mwenyewe kabla ya kuondolewa. Halafu Jumatatu moja uongozi ukaandika kwenye kundi letu la simu: karibuni tumkaribishe kocha mpya. Na picha. Na koti.

Kwanza watu walidhani ni mzaha. Halafu Oti akatuma sauti, nadhani alikuwa chini ya gari la mtu, maana nilisikia spana ikianguka: "Wasee, hii ni nini? Mnaleta shetani kanisani na mnataka tupige makofi?" Mwingine akaandika kwamba atachoma jezi. Mwingine akamwambia arudishe kwanza ile aliyoazima kwake, ndipo achome. Iliendelea hivyo hadi simu yangu ikazima.

Jioni tulikutana nyuma ya duka la rangi la Mzee Jaswant, palepale tunapokutana siku zote, kila mtu juu ya mkebe wake wa rangi. Mkebe wako hakuna aliyeukalia. Haikupangwa. Watu walizunguka tu, wengine wakasimama.

Oti ndiye aliyeanza. Alikumbusha ile mechi ambayo Silvano alikugeukia, akaweka kidole mdomoni, shhh, mbele ya watu wote. "Huyo mtu alimnyamazisha Mathe," akasema. "Mathe wetu! Leo akuje hapa tumwite kocha? Mimi siwezi, bana. Heri tushuke daraja tukiwa watu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ukishuka daraja utajua kama wewe ni mtu."

Oti alisahau kitu kimoja, na sikumkumbusha. Alisahau kwamba siku ile, baada ya mechi, ulimngoja Silvano langoni ukamwambia, "Kocha, vifungo vya koti lako ni vizuri, nani alikushonea?" Naye akasema ni mke wake. Na mkasimama mkizungumza habari za vifungo, mimi nimebeba ngoma, nachoka.

Wengine walimtetea. Walisema Naivasha hawakuwa na kitu alipoenda, vijana waliokuwa wakirusha mpira kama wanatupa takataka, na yeye akawafanya timu. Walisema anajua kulinda. Walisema mtu anayekuudhi akiwa upande ule ndiye unayemtaka upande huu. Lakini hata hao walisema wakitazama chini. Hakuna aliyekuwa na furaha. Nadhani ndicho kilichonishangaza. Nimewaona mashabiki wetu wakikasirika, nimewaona wakicheza ngoma mtaani. Sijawahi kuwaona wakitaka kitu na kuona haya kukitaka.

Mzee Jaswant alingoja hadi wakachoka. Unajua tabia yake. Akasema, "Sikizeni, bwana. Mimi nimefuata timu hii tangu nywele zangu nyeusi—"

"Nywele zako tumeziona lini, Mzee, na hicho kilemba?" Oti akamkatiza.

"Zangu zimefunikwa, lakini ziko. Zako zimeenda wapi?"

Watu wakacheka, na Oti mwenyewe akajipapasa upara. Mzee Jaswant akaendelea: "Makocha wanakuja, wanaenda. Sisi tuko. Timu ikishuka, mtamwimbia nani, ng'ombe wa Lanet? Mpeni huyu mtu nafasi. Msimpende. Mpeni nafasi tu."

Halafu mtu akauliza lile ambalo kila mmoja alikuwa akilikwepa.

"Na wimbo?"

Kwa sababu ndio wimbo wetu mkubwa, Mama. Tunaanza mechi nao hata Naivasha wasipokuwepo. Watoto wa Kiamunyi wanaruka nao kamba. Na sasa yule tunayemwambia avue koti ni kocha wetu. Tukiuimba, tunamtukana mtu wetu mbele ya wageni. Tukiuacha, basi.

Wote wakanitazama. Mzee Jaswant akasema, "Ni wa mama yake. Kibet aseme."

Nikasema nitafikiria. Sikufikiria. Nilirudi nyumbani nikaosha vyombo, nikalala.

Lakini kuna jambo sikuwaambia, na nalisema hapa kwa sababu ni wewe. Sauti yako sina. Nimeitafuta kwenye simu za watu wote. Video ziko nyingi, tena nzuri, lakini katika kila moja wewe unaanza tu, "Sil—", na sisi sote tunakufunika. Nimezisikiliza nikiwa nimeweka simu sikioni kama mtu anayengoja kupokewa. Hakuna hata moja iliyobaki na wewe peke yako. Mahali pekee ambapo bado nakusikia vizuri ni ndani ya ule wimbo unapoimbwa, pale kati ya jina lake na jibu letu, ulipokuwa ukivuta pumzi. Hapo pana nafasi ndogo yenye ukubwa wako. Ukiachwa wimbo, sijui nitakusikia wapi. Hilo ndilo walilokuwa wakiniuliza nyuma ya duka la rangi, na hawakujua.

Alhamisi Silvano alikuja sokoni. Alikuja peke yake, na koti lake. Nilimjua kabla sijamwona, kwa sababu kina mama wa vitunguu walianza kelele: "Wee Silvano, vua koti! Hapa hakuna baridi, hapa kuna vitunguu!" Aliinua mkono akiwasalimu, akapita katikati yao hadi kwangu.

"Wewe ndiye Kibet?"

"Ndiyo, Kocha."

"Pole kwa Mama."

"Asante."

Alichukua kiazi kimoja akakigeuza. "Ni vya Keringet hivi?" Nikasema ndiyo. Akakirudisha palepale alipokitoa, na nikampenda kidogo kwa hilo, maana wengine huchukua cha mbele wakakirudisha nyuma.

"Ule wimbo watoto wangu wanaujua," akasema. "Nikiwanyima simu, wananiimbia mezani. Mama yao anawaitikia."

Nilijua ni mahali pa kucheka. Nikatikisa kichwa.

"Sikuja kukuomba uuache, kijana. Mtu hawezi kumwambia mtu hivyo. Nimekuja tu uujue uso wangu kwa karibu. Vijana wanaogopa. Golkipa ameniuliza, 'Kocha, watu wetu wakikuimba, tufanyeje?' Nikamwambia, wewe shika mpira."

Akaniaga akaenda. Sikumuuliza kwa nini havui. Wewe ungemuuliza, na angekuambia, na tungejua. Sasa sijui.

Jana ikawa mechi. Na ratiba haina huruma, mechi yake ya kwanza kwetu ilikuwa na haohao Naivasha. Walikuja wengi kuliko siku zote. Walikuja na hasira. Njoki wa Kihoto aliwaongoza, yule kiongozi wa nyimbo zao mliyekuwa mkishindana naye hadi mnapoteza sauti, halafu baada ya mechi yeye anakupa samaki mkavu na wewe unampa viazi. Maji ya ziwa yameingia tena kwao. Anakaa kwa dada yake. Aliniona nikishusha ngoma, akaja akanishika mikono miwili.

"Mwanangu, mama yako aliniachia koo bovu. Sina hata wa kupigia kelele siku hizi."

"Pole, Mama Njoki."

"Pole ni zako. Na leo tutawatandika, usikasirike."

Nikamwambia sitakasirika.

Pale mbele yetu, kwenye ule ukuta mfupi ulipokuwa ukisimama, hakuna mtu. Oti alijaribu mechi moja, akashuka mwenyewe. Anasema ukiwa pale huwezi kutazama mpira, na hilo hakulijua. Mimi nalijua. Miaka yote hiyo uligeukia sisi, uwanja uko mgongoni mwako. Uliona nyuso zetu tu. Bao ulilijua kutoka kwenye midomo yetu.

Timu zilipotoka, Silvano akatoka nyuma yao, na kulikuwa na jua, na koti. Upande wetu ukanyamaza. Watu wakanigeukia. Mkono wangu ulikuwa juu ya ngozi ya ngoma.

Ningependa kukuandikia kwamba niliamua. Ungefurahi, ungesema Kibet amekua. Sikuamua, Mama. Mkono haukuinuka tu. Niliutazama nikingoja uinuke, na watu wakawa wanautazama pamoja nami. Mzee Jaswant akaanza kupiga makofi peke yake, polepole, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Wawili watatu wakamfuata. Silvano akafika kwenye benchi akaketi.

Ndipo ikatoka upande ule.

"Silvano!"

"Vua koti!"

Ilikuwa ni Njoki. Na wote wakamwitikia, watu wa mabasi yao yote, kwa sauti ambayo sisi hatukuwahi kuwa nayo, kwa sababu sisi tulikuwa tukicheza na wao hawakuwa wakicheza. Silvano aliwaacha. Aliwafundisha mpira, kisha akawaacha wakati maji yako mlangoni.

"Umetuacha na nani?"

"Vua koti!"

"Maji yako sebuleni!"

"Vua koti!"

Mstari wa tatu aliutunga mwenyewe, Mama, palepale, kama wewe.

Oti akasimama akapiga kelele, "Huo ni wimbo wetu, nyinyi wezi! Rudini mkavue samaki kitandani!" Nao wakajibu kwamba pareto imekauka, na ile kelele yote unayoijua. Lakini mimi sikuwa nikisikiliza matusi. Nilikuwa nikisikiliza makofi yao. Walikuwa wakipiga vibaya. Walipiga moja, moja, moja, moja, sawasawa, kama kwaya ya shule. Na ukipiga hivyo nafasi inafungwa. Hakuna mahali pa kuvuta pumzi.

Mkono ukainuka. Vitatu haraka, kimoja kizito. Tu-tu-tu, tuu. Sikuwa nikifikiri. Nilipiga kwa nguvu ili wasikie ng'ambo, na baada ya kidogo Njoki akaisikia ngoma, akageuza kichwa, akawapungia watu wake mkono washike mdundo. Wakashika. Wimbo ukakaa sawa. Na pale katikati, baada ya jina lake, kabla hawajaitikia, wewe ulikuwepo.

Oti alinishika bega. "Kibet! Unawapigia maadui ngoma? Umelogwa?"

Nikamwambia, "Wanaimba vibaya."

"Si waimbe vibaya! Ndiyo kazi ya adui!"

Sikuacha. Mzee Jaswant alimvuta Oti shati akamkalisha. Silvano aligeuka. Hakutazama upande wa Naivasha, alitazama upande wetu, kwenye ngoma. Alitazama kwa muda. Kisha akarudi kuwaambia vijana wapande, wapande. Viganja vyangu vilikuwa vinauma. Nakuambia hilo kwa sababu sijakuambia kitu kingine chochote kilichoniuma tangu ulipoondoka.

Naivasha walitangulia. Halafu kipindi cha pili tukarudisha. Wacha nikueleze bao, kama tulivyokuwa tukifanya tukirudi nyumbani kwa miguu, wewe ukisema, "Haya, limeingiaje?" Liliingia hivi. Mpira ulitoka upande wa kushoto, karibu na lile jukwaa lenye kutu. Beki wetu hakungoja, aliurusha haraka wakati wao bado wanagombana na refa. Winga akaukimbilia hadi mwisho wa mstari, nikadhani umetoka, akauchota chini, si juu. Golkipa wao akalala akaushika, ukamponyoka kama sabuni. Na yule mshambuliaji wetu uliyesema ana miguu ya kuku akautia ndani kwa goti. Kwa goti, Mama. Halikuwa bao zuri. Ungelipenda sana.

Watu wakarukiana. Na katikati ya furaha ile mtu mmoja, sijui nani, akaita kwa mazoea, "Silvano!" na nusu ya upande wetu, kwa mazoea, ikajibu, "Vua koti!" Halafu wakashika midomo. Watu wazima, wenye ndevu, wameshika midomo kama watoto waliotukana mbele ya mwalimu. Silvano akainua mkono mmoja bila kugeuka. Hapo ndipo walipocheka. Nilimwona hata Oti. Alijikuna upara, akatazama pembeni, akacheka.

Ikaisha hivyo, bao moja kwa moja. Bado tuko pabaya. Lakini watu walitoka wakibishana kuhusu beki wa kushoto na si kuhusu Silvano, na nadhani hiyo ndiyo namna yao ya kumkubali. Hakuna atakayesema.

Njoki alinikuta karibu na basi lao. Alikuwa hana sauti, ananong'ona.

"Mwanangu, sisi tutauchukua. Wimbo. Sisi ndio wenye hasira naye sasa. Nyinyi mtaufanyia nini?"

Nilimtazama. Alikuwa anasema kweli. Hasira yetu kwake imeisha, tumebaki na wasiwasi tu, na tumaini kidogo, na hivyo haviimbwi kwa wimbo ule. Ukibaki kwetu utanyamaza. Tutauweka mahali tukijiambia ni heshima, na baada ya msimu mmoja watoto wataanza kuuimba makosa, na baada ya hapo hakuna.

"Chukueni," nikamwambia. "Lakini mpige hivi."

Nikapiga kwenye ubavu wa basi. Vitatu haraka, kimoja kizito. Wakakusanyika, akina mama wa Kihoto na vijana wa mashamba ya maua, wakapiga nami kwenye bati hadi dereva akashuka akauliza kama tunataka kumvunjia gari. Nikawaonyesha mahali pa kuvuta pumzi. Nikamwambia Njoki asikubali wamfunike pale mwanzo. Akasema, "Najua. Nilikuwa namsikia kutoka ng'ambo. Mimi ndiye nilikuwa namsikia vizuri kuliko nyinyi." Sikuwa nimewaza hilo. Nyinyi wawili mlikuwa mmepeana migongo, na bado alikusikia, maana kule hakuna aliyekufunika.

Halafu wakaondoka.

Leo kundi la simu linawaka moto. Oti ameandika kwamba nimewapa Naivasha wimbo wa Mathe bila kuuliza mtu. Ni kweli. Wengine wanataka nivuliwe ngoma, na watakutana nyuma ya duka la rangi walizungumze. Mmoja ameandika kwamba mtoto anayegawa mali ya mama yake kaburi halijakauka ana laana. Niliyasoma yote. Mzee Jaswant amenipigia akasema yatapita, nisijibu, watu wanaomboleza kwa njia zao. Sikujua kwamba wao pia wanaomboleza. Nilidhani ni mimi tu, na kwamba hata mimi nashindwa.

Wakiichukua ngoma, waichukue. Sitagombana. Ulikuwa huzipendi fujo za ndani.

Mama, lazima nimalize, mwanga unakwisha na kesho lori la viazi linafika mapema. Nakuaga tena, maana kule Keringet nilikuaga bila kujua ninachosema, niliitikia tu walichoitikia wengine. Kwaheri, Mama. Asante kwa Jumamosi zote zile.

Nakuahidi hili. Pareto watakapokwenda Naivasha kwa mechi ya marudiano, nitakwenda, na ngoma au bila ngoma. Nitavaa jezi yetu, lakini nitasimama upande wao, chini ya Njoki, na watanitukana, na watu wetu watanitukana. Silvano atatoka. Njoki ataita. Mimi sitaitikia mara ya kwanza, nitanyamaza kabisa nisikilize. Halafu mwezi wa kumi na mbili nitapanda Keringet nikueleze mabao yote, hata yale tutakayofungwa.

Huko uliko, wakikuuliza umemwacha nani, nitaje.

Mwanao,
Kibet